Ng'ombe Waliokwenda Benki

Mimi darasa nililiona dirishani tu, lakini ng'ombe nilikuwa nao. Mmoja alikuwa na pembe kubwa, mvua ikinyesha kuku wa kijiji kizima wanajibanza chini yake. Anayebisha akawaulize kuku, ingawa wamekufa.

Hao ng'ombe sikukaa nao. Kwetu huku Meru shamba limejaa migomba na kahawa, nafasi hamna, kwa hiyo unampa rafiki akutunzie. Maziwa na mbolea vyake, ndama mnapokezana. Wangu baadhi walikuwa Nduruma, chini tambarare, wengine juu karibu na msitu. Jumapili baada ya kanisa marafiki walipita kwangu kunipa habari: huyu ana mimba, yule kapiga teke ndoo. Tangu mama watoto afariki, hiyo ndiyo ilikuwa redio yangu.

Basi binti yangu, wa pekee, akapata chuo Ulaya. Enzi hizo biashara imefunguliwa, mitumba kila kona, na mabenki mapya mjini yanang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Ubalozi ukataka kuona kama baba mtu ana uwezo. Nikasema hiyo kazi ndogo. Nikamkodi mpiga picha wa Kijenge, nikavaa koti la harusi yangu, nikapigwa picha na kila ng'ombe, nimemshika shingo kama bibi harusi.

Binti akazipeleka Dar. Akarudi amenyong'onyea.

"Baba, wamesema ng'ombe anaweza kufa."

"Na shilingi je? Hii inayokonda kila wiki?"

"Wanataka iwe benki. Ikae miezi, isiguswe. La sivyo siendi."

Nikatoka nje kutafuta fimbo yangu.

Nikazunguka tena, safari hii bila koti, kuwaomba marafiki wanirudishie ng'ombe wangu. Hakuna aliyekataa. Yule wa Nduruma alifunga kamba mwenyewe, akanikabidhi, akaingia ndani bila kuaga. Nikawapeleka mnadani, hela ikaenda kulala benki.

Miezi ile binti alikuwepo nyumbani, sikugundua kitu. Viza ikatoka. Nikamwambia akipita juu ya mlima anipungie mkono, na siku hiyo nilisimama kahawani nikapungia kila ndege mpaka bega likataka kung'oka.

Jumapili iliyofuata nikachemsha chai ya marafiki kwenye sufuria kubwa, kama kawaida. Ikapoa. Wangekuja kunipa habari za nani?

Siku hizi Jumatatu nashuka mjini, nakaa kwenye benchi la benki. Wanatuma karo huko, hela inapungua, lakini yule dada wa dirishani ananijua.

"Shikamoo, mzee. Leo unaweka au unatoa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaona tu. Wameshindaje?"

Anacheka, anachungulia karatasi zake, anasema wazima. Nakaa kidogo mpaka mlinzi aanze kufunga.