Afisa Ustawi Aliyetafuta Umri wa Mtoto

Mwenzangu huyu alistaafu miaka kadhaa kabla yangu, na vijana walioingia kazini baadaye wameniuliza mara nyingi alikuwa mtu wa namna gani. Huwa nawajibu kwamba alikuwa mtu wa kwenda kuona. Hakuandika ripoti ya mtoto yeyote kabla ya kufika nyumbani kwao, akakaa, akapewa kitu cha kunywa, akanywa. Kama nyumba ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, ripoti ilichelewa, na hakimu alijifunza kuvumilia.

Alikuwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto akishtakiwa kwa kuiba, kupigana au kuzurura sokoni, shauri lake lilipita mikononi mwake kabla hakimu hajaamua. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama. Nimezaliwa Bashay kwa baba mkulima, lakini mama yangu alitoka kwa wafugaji wa nyanda za Hanang, kwa hiyo lugha zao zote mbili nilizipata nyumbani na Kiswahili nikakipata shuleni. Yeye alitoka mbali, upande wa reli ya kati. Alikuwa Mwislamu kati ya wafanyakazi wengi Wakristo, na alikuwa mwanamke pekee katika mahakama yetu. Watumishi wote tulimwita mama, hata wale waliomzidi umri.

Lugha ya wafugaji ilimshinda kabisa. Kila alipofika kwenye boma alijaribu kusalimia kwa lugha yao, na kila mara alikosea. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Siku moja nilimshauri aniachie mimi salamu. Akaniambia, "Mtoto akishanicheka, ataniambia ukweli. Niache nikosee."

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa na nguvu. Ukisimama mlimani msimu wa mavuno uliona manjano matupu mpaka macho yachoke, na kombaini zinakwenda sambamba zikiacha vumbi nyuma. Ndugu zangu kadhaa walipata kazi huko, mmoja akawa dereva wa trekta, na mkate wa ngano ukawa kitu cha kawaida katika nyumba nyingi. Siwezi kusema yalikuwa mabaya. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho kabla haijawa shamba, na wajomba zangu walizoea kupitisha ng'ombe mle kwenda kwenye maji na kwenye chumvi. Kesi za kuingiza mifugo shambani zilikuwa nyingi kiasi kwamba maneno ya hati ya mashtaka niliyajua kwa moyo.

Asubuhi moja waliletwa watu sita wa kesi za namna hiyo. Wa mwisho alikuwa msichana. Alikuwa mrefu kuliko askari aliyemleta, amevaa vazi la ngozi la wasichana wa kwao, na macho yake yalikuwa sakafuni. Hati ilisema ana miaka kumi na minane, kwamba aliingiza ndama katika ngano ya mojawapo ya mashamba yale, na kwamba alimpiga mlinzi kwa fimbo alipokamatwa. Nilimfasiria maneno yote, umri ukiwa mle ndani. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndama walikuwa na kiu na mlinzi alimshika mkono. Hakimu akaahirisha shauri kwa siku saba, msichana akarudishwa mahabusu.

Mwenzangu hakuwepo siku ile, alikuwa Dongobesh kwa shauri jingine. Aliporudi alipita kituoni kama kawaida yake kuangalia nani amelala ndani, kisha akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Hakuketi.

"Yule msichana wa ndama," alisema. "Wewe ulimfasiria?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona."

"Ulimpa miaka mingapi?"

Nikamwambia kwamba kazi yangu ni kufasiri, kwamba nayabeba maneno ya huyu kumpelekea yule na siongezi la kwangu.

"Sikukuuliza kazi yako," alisema. "Nimekuuliza umri wa mtoto."

Nikasema ukweli. Nilidhani ana miaka kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Watu wa nyanda ni warefu, na askari aliyeandika ile hati alitoka mahali ambako watoto ni wafupi. Nilijua hivyo tangu msichana alipofungua mdomo, maana alimtaja mlinzi kwa neno ambalo watoto hulitumia kwa wanaume wakubwa, na mtu mzima hawezi kulitumia.

"Na hukusema," alisema yeye.

Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo. Hakunisimanga zaidi. Aliniambia nitafute viatu vizuri kwa sababu kesho tunakwenda kwao.

Lori la mbolea lilituchukua mpaka Nangwa, na kutoka hapo tulitembea. Njia ilizunguka shamba lote, kwa kuwa njia ya zamani iliyokatisha katikati ilikuwa imelimwa. Mwenzangu alivaa raba nyeupe za michezo na kanga mbili, akawa ananitangulia mimi niliyezaliwa huku. Jua lilikuwa kali. Kila tulipokutana na mtu aliuliza boma la yule mama mwenye binti aliyekamatwa, na kila mtu alilijua.

Tulimkuta mama mtu anakamua. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kutuangalia. Mwenzangu akasalimia kwa lugha yao akakosea, na watoto watatu waliokuwa pale wakacheka, lakini mama hakucheka. Alidhani tumekuja kuchukua mtoto mwingine.

Nikamweleza kwamba huyu mama hachukui watoto, anatafuta namna ya kumrudisha aliyechukuliwa, na kwamba anahitaji kujua binti amezaliwa lini. Mama akasema hajui miaka. Hakukuwa na kadi ya kliniki, hakukuwa na ubatizo, na mtoto hakuwahi kuandikishwa shule. Mganga wa wilaya, ambaye angeweza kukisia umri kwa meno, alikuwa likizo. Nilianza kukata tamaa, lakini mwenzangu aliomba kigoda akakaa.

"Muulize mvua ilikuwaje mwaka huo," aliniambia.

Nikauliza. Mama akasema ilikuwa ya kawaida.

"Muulize waliishi wapi."

Mama akaacha kukamua. Akasimama, akanyoosha kidevu kuelekea kwenye ngano. Kisha akazungumza kwa muda mrefu, nami nikamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kufasiri, kwa kuwa sikutaka neno lolote lianguke.

Alisema boma lao lilikuwa kule, karibu na mti uliokuwa umesimama peke yake, ambao sasa haupo. Alisema uchungu ulimshika asubuhi ile ile trekta la kwanza lilipoingia. Hawakuwa wamewahi kuliona trekta. Ardhi ilitetemeka, na wanawake waliokuwa wakimzalisha wakaogopa, wawili wakakimbia, akabaki na mama mkwe wake tu. Mtoto alizaliwa huku mashine ikinguruma ng'ambo ya korongo. Kitovu chake kilizikwa pale pale, na mwezi uliofuata wakaambiwa wahame.

Nilipomaliza kufasiri, mwenzangu aliuliza swali moja tu. Je, kuna mtu mwingine anayekumbuka siku hiyo? Mama akasema kila mtu wa rika lake anaikumbuka. Tukazunguka maboma manne siku hiyo na asubuhi iliyofuata, tukawauliza wazee mmoja mmoja bila kuwadokeza jibu. Wote walisema yule binti ni wa trekta la kwanza. Tulikunywa maziwa mengi mno.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba ushahidi huo ni mzuri lakini hauna mwaka, na mahakama inataka mwaka.

"Mwaka tunao," alisema. "Uko shambani kwenye mafaili yao. Na meneja ni mlalamikaji, lazima aje."

Siku ya kesi meneja wa shamba alikuja amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesomea kilimo, alitoka mkoa mwingine, na alilipenda shamba lile kama mtu anavyopenda kitu alichokijenga mwenyewe. Mwenzangu akasimama akamweleza hakimu kwamba mshtakiwa ni mtoto na anaomba shauri lisikilizwe kama la mtoto. Mwendesha mashtaka akapinga, akasema hati inasema kumi na minane na hakuna cheti kinachosema vingine. Hakimu akamwuliza mwenzangu ana ushahidi gani.

"Mheshimiwa, naomba meneja aulizwe shamba lake lilianza kulimwa lini, upande ule wa korongo."

Mwendesha mashtaka akasema swali hilo halihusiani na kesi. Hakimu akafikiri, akaruhusu.

Meneja akanyoosha shingo. Swali lilimpendeza. "Mheshimiwa, huu ni msimu wa kumi na tatu. Nilikuwepo mwenyewe, nikiwa bwana shamba msaidizi. Trekta la kwanza kuvuka pale nililiongoza mimi."

"Una hakika?" hakimu akauliza.

"Nina hakika, Mheshimiwa. Taarifa zote tunazo ofisini."

Ndipo mwenzangu akasoma ripoti yake. Aliisoma taratibu, bila kupandisha sauti, jina la kila mzee na maneno aliyoyasema. Alipofika kwenye asubuhi ya kuzaliwa na wanawake waliokimbia, meneja aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyemwuliza, "Nakumbuka kulikuwa na boma. Tuliwaona wanawake wanakimbia. Hatukujua wanakimbia nini."

Nilimfasiria msichana maneno hayo, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuyasikia. Kwa mara ya kwanza aliinua macho akamtazama meneja, na meneja akatazama dirishani.

Hakimu aliwatoa watu wote wasiohusika, milango ikafungwa, na shauri likaanza upya kama shauri la mtoto asiyezidi miaka kumi na mitatu. Kabla ya saa sita lilikuwa limekwisha. Msichana aliachiwa kwa mama yake, akawekwa chini ya uangalizi wa mwenzangu kwa mwaka mmoja. Mama mtu alikuwa amelala kwa ndugu mjini ili awahi. Alimshika binti mkono wakatoka bila kusema na mtu, na mwenzangu akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, watu wakipata haki yao hawana sababu ya kushukuru.

Ningependa kusema kwamba mambo yote yalikwenda vizuri baada ya hapo. Mwenzangu alikwenda kule kila mwezi kwa mwaka mzima, na mara moja alimchukua meneja, wakatembea pamoja kando ya korongo. Meneja akaacha ukanda wa ardhi bila kuulima ili ndama wapite. Ukanda huo ulidumu misimu miwili. Meneja akahamishwa, aliyemfuata akaulima. Mwenzangu alijaribu pia kumpeleka msichana shule, na baba mtu akakataa. Alirudi mara tatu, akakataliwa mara tatu. Aliandika hayo yote katika ripoti yake ya mwisho bila kujipamba.

Mimi nilichopata ni kingine. Tangu siku ile niliacha kujificha nyuma ya kufasiri. Nilipoona mtoto amepewa umri usio wake, nilinyoosha mkono na kumwomba hakimu ruhusa ya kusema jambo ambalo si tafsiri. Mara ya kwanza nilikemewa. Mara ya pili nilisikilizwa. Kufikia nilipostaafu, hakimu wetu alikuwa ananigeukia mwenyewe kabla hati haijasomwa, na hakuna mkalimani kijana niliyemfundisha ambaye hajui kuuliza habari za trekta, ukame na mvua.

Mwenzangu hakurudi kwao alipostaafu. Alinunua kiwanja Dongobesh, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, analima mahindi na maharage. Nilimtembelea mwaka jana. Magoti yanamsumbua lakini sauti ni ile ile. Tulipokuwa tunakunywa chai akaja jirani kumwomba amsemee kijana wake aliyekamatwa. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende ofisini, kuna afisa mpya, msichana mzuri, anajua kazi. Jirani akasema lakini mama, wewe wanakuogopa. Akamjibu, "Na yeye watamwogopa, wakimzoea. Nenda."

Jirani alipoondoka nilimpa habari niliyokuja nayo. Nilikuwa nimekutana na yule msichana wa ndama mnadani. Ni mwanamke mzima sasa, ana ng'ombe wake, na alinitambua kabla sijamtambua. Nilidhani mwenzangu atafurahi, labda atatokwa na machozi. Aliweka kikombe chini.

"Ana watoto?"

"Wanne."

"Wanasoma?"

"Wawili wanasoma."

"Na hao wawili wengine?"

Nikasema sikuuliza. Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ile kwenye meza yangu, miaka yote hiyo iliyopita.

"Ungeuliza," alisema, akanimiminia chai nyingine. "Mnada ni lini tena?"