Bunduki Mkweche na Bolti ya Mjomba Reino

Krr. Krr. Krr.

Giza totoro, alfajiri bado, na sauti inatoka jikoni kwangu.

Nikajua panya kaingia kwenye unga. Nikashika kandambili, nikanyata.

Hakuwa panya. Alikuwa Wade, mume wangu, tochi kichwani, anaiogesha bunduki kwenye bati langu la mkate.

"Wade, hilo bati naokea."

"Nitalisugua."

"Kwa hilo hilo dodoki la chuma lenye kutu?"

Akacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikaishiwa hasira. Ila ile takataka mbele yake sikuionea huruma hata kidogo.

Kuiita bunduki ni kuipa cheo. Ilikuwa ya jeshi la Uingereza, zile walizowauzia raia zamani baada ya kuzichoka. Mbao ya mbele imekatwa katikati. Kilengeo cha nyuma hakuna. Na bolti, kile chuma chenye mkono kinachofunga risasi ndani, nacho hakuna.

Bila bolti, bunduki ni bomba lenye kitako. Hata kumtishia kunguru huwezi.

"Ona, Linnea," Wade akaniita. "Namba imetokea."

Nikainama. Kutu imetoka, herufi na tarakimu zimechimbwa kwenye chuma, mwisho wake 618. Nikazisoma kwa sauti kumfurahisha tu.

Mkweche huo ulikuwa wa babu yake, marehemu Tauno. Baada ya mazishi, bibi yake, ambaye sote tunamwita Mummu, alisema apewe Wade. Wade alipoenda kuichukua, bolti haipo.

"Imepotea," alisema Mjomba Reino siku ile. "Wazee hawajui kutunza vitu."

Sasa huyu Mjomba Reino. Mtoto wa Mummu, kaka wa marehemu mama mkwe wangu. Anakusanya bunduki za vita. Jeshi analijua kwa kununua vifungo vyake. Ana fulana yenye mifuko kumi na kitu na hakuna hata mmoja wenye faida. Kwenye klabu ya shabaha husimama katikati ya watu akihukumu bunduki za wenzake kama daktari anayependa kutoa habari mbaya.

Miaka yote aliicheka ile ya Wade. "Itundike ukutani, mpwa. Hicho ni kimeo."

Ghafla, msimu wa kulungu umebaki siku chache, akaja kwetu na maneno matamu.

"Mpwa wangu, nimepata bolti. Nimepata na kilengeo. Na mbao ndefu, ile ya asili! Itarudi kama siku ilipotoka kiwandani."

Wade macho yakamtoka. "Unataka nini, mjomba?"

"Kidogo tu. Nipe ile bunduki yako ya kuwindia."

Nilikuwa namlisha binti yetu Elsi uji. Kijiko kikasimama hewani.

"Mjomba," nikasema, "si wewe uliyeiita kifagio cha plastiki?"

"Ni kifagio, binti."

"Mbona unakitaka?"

"Nafagilia." Akacheka peke yake.

Naomba nieleweke. Hicho kifagio ndicho kilichokuwa kinajaza friza yetu. Mgodi ulikuwa umempumzisha Wade tangu kiangazi. Kwetu huku kaskazini mwa Michigan, ukikosa kulungu mwezi wa kumi na moja, theluji inakukuta unakula viazi na hadithi. Elsi wangu alikuwa na miaka mitano na nyama ya dukani haijui.

"Basi akishaikamilisha hii ya babu, atawindia hiyo," nikasema.

Mjomba Reino akanitazama kama nimetukana kanisani.

"Kuwindia! Bunduki ya historia uipeleke kwenye matope? Ikishakamilika haiguswi. Inatazamwa."

"Kwa hiyo tutakula kwa macho."

"Wade, mkeo siku hizi anasoma jioni, eh? Ulimi umepata cheti."

Wade hakucheka. Lakini hakukataa pia.

Usiku ule nikamuuliza, "Kweli unataka kutoa riziki ya mtoto kwa ajili ya bomba?"

"Ni ya babu, Linnea. Sina kitu kingine chake."

Mume wangu ni mtu wa kuombwa, si wa kuamrishwa. Nikamwomba kitu kimoja: wasibadilishane gizani klabuni, wabadilishane mezani kwa Mummu, mbele ya mwenye nyumba. Akakubali.

Jumapili tukaenda. Mummu katuwekea kahawa na nisu, mkate mtamu wa iliki, unanukia mpaka barazani. Elsi akajibanza nyuma ya kiti cha Mummu. Wade akauweka mkweche mezani, na kando yake kifagio chetu ndani ya begi lake.

Mjomba Reino akaingia na mbwembwe zake. Akakunjua blanketi polepole, kama anafunua maiti ya mfalme. Mbao ndefu. Kilengeo. Bolti, inameremeta mafuta.

"Tazameni na mjifunze," akasema. "Hii ni bolti ambayo haijachezewa. Siku hizi washenzi wanafuta namba ili ilingane na bunduki yoyote. Mimi, namba haifutwi! Ukifuta namba umeua thamani."

"Iko wapi hiyo namba?" nikauliza.

"Mkononi hapo, kwa nyuma. Usiguse."

Nikagusa. Ilikuwa inachuruzika mafuta kwenye kitambaa cha meza cha Mummu, nikaifuta kwa aproni. Nikaigeuza.

Nikasoma. Nikasoma tena.

Nikaivuta ile bunduki nikaiweka karibu.

"Wade. Soma hapa. Halafu soma hapa."

Akasoma. Herufi zile zile, tarakimu zile zile, hadi 618.

"Namba zinaweza kufanana," Mjomba Reino akasema haraka.

"Mjomba," Wade akajibu taratibu, "wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hazifanani."

Akaichukua bolti, akaisukuma ndani ya bunduki. Ikateleza, ikafunga, klak, kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Jamani. Mtu kaiba bolti ya marehemu baba yake kabla matanga hayajaisha. Kaificha miaka. Kamwaga uongo kila mkutano. Na kwa ule ujuaji wake, akashindwa kuchukua tupa dakika moja akafuta ushahidi, kwa sababu angeharibu thamani! Nimeona wezi, ila mwizi anayeuonea huruma ushahidi ni yeye tu.

"Nilikuwa naitunza!" akafoka. "Ningemwachia mpwa huyu? Baba mwenyewe aliiharibu! Bunduki iliyopigana vita, yeye kaikata mbao kwa msumeno kama kuni! Mimi ndiye nilitaka kuirudishia heshima!"

Mummu akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia ni baba yako aliyeikata?"

Mjomba Reino akamgeukia.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa haoni ng'ombe akiwa zizini. Hiyo bunduki nimenunua mimi, kwenye duka la misumari. Zilikuwa zimesimikwa ndani ya pipa kama miavuli. Ilikuwa imejaa grisi ya kiwandani, haijawahi kufyatuliwa. Vita gani?"

"Mama, klabuni nimewaambia..."

"Wameshasikia, na mimi nimesikia. Ilikuwa ndefu, nzito, mikono yangu haifiki. Nikaikata hapa hapa, juu ya meza hii, wewe uko tumboni. Nyama yote iliyokukuza hadi ukawa na hilo tumbo nimeiangusha mimi."

"Lakini sifa zote alipewa baba!"

"Nilimwachia. Wanaume kwenye kambi ya uwindaji wangemcheka. Mimi nilitaka nyama."

Akamgeukia Wade. "Hiyo mbao ndefu sitaki kuiona. Nilihangaika kuifupisha, leo mtu aje airefushe?"

Mjomba Reino akakunja blanketi lake, mbao ndani, akaondoka. Kahawa hakunywa. Mkate hakugusa, wala hakuaga. Fulana yake ikanasa kwenye kitasa cha mlango, akahangaika nayo mbele yetu sote, na hakuna aliyeinuka kumsaidia.

Kifagio chetu kikarudi nyumbani ndani ya begi, na wiki ile friza ikapata kazi. Ule mkweche Wade aliupeleka kwa fundi apime bolti vizuri kabla mtu hajathubutu kuufyatua. Mbao ikabaki fupi.

Watu huniuliza kama chuma kilichochakaa kinastahili kutengenezwa. Nawajibu hivi: kabla hujakirudisha kitu kilivyokuwa, muulize aliyekibadilisha alikuwa na shida gani. Huenda unachokiita uharibifu ndicho kilichowalisha. Na mtu anayekudharaulia kitu chako kila siku, siku akikitaka, kagua mifuko yake.

Jumapili ile, kabla hatujavaa makoti, Wade alikuwa bado anamtazama bibi yake kama ndiyo kwanza wametambulishwa. Elsi akatoka nyuma ya kiti. Akainyoosha mikono yake mezani, sambamba na ya Mummu, akaitazama kwa makini, akasema kwa sauti:

"Mummu, hata mimi mikono yangu ni mifupi."