Mipira Mipana ya Rwegasira

Rwegasira wa Bugomora alikuwa mfugaji, na kila kitu alikitazama kwa jicho la mfugaji. Mwaka ule wa hamsini na tano aliuza nusu ya zizi akanunua Landrova kuukuu, kisha akaenda nayo Bukoba kuitafutia mipira ya kuhimili njia za kwao. Alichuchumaa mbele ya duka akiyapapasa magurudumu kama mtu anayechagua mtamba.

Fundi Cassian alimsogezea mipira myembamba yenye kashata ndefu, yale meno ya kuuma udongo. "Chukua hii, bwana. Kwenu ni udongo mwekundu. Hii inakata tope mpaka ikanyage pagumu."

Lakini Rwegasira alikwisha kuiona mingine, mipana, iliyong'olewa kwenye gari la jeshi lililotoka jangwani. "Ng'ombe mwenye kwato pana hazami kinamasini," alisema.

"Gari halili majani, bwana."

Walicheka wote wawili. Akafungiwa ile mipana.

Kiangazi kizima gari lilipanda vilima bila kuhema. Ndipo Rwegasira akajitoa katika engozi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wa kila nyumba huibeba kwa kupokezana mgonjwa anapopelekwa hospitali. "Bega langu sasa ni la chuma," alimwambia mzee Felisiani, mkuu wa wabebaji, mbele ya watu.

Masika yalipokolea, mkewe Kokubanza alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Rwegasira alimlaza nyuma ya gari juu ya majani ya migomba, shangazi Evangelina akampakata kichwa. Kwenye mteremko wa kwanza tu mipira ile ilielea juu ya utelezi, gari likaserereka hadi mtaroni. Alipokanyaga mafuta, tope lilijaa kati ya mpira na bati hadi magurudumu yakagoma kuzunguka. Akalichokoa kwa panga, kwa fimbo, kwa kucha. Likajaa tena.

"Baba Deodatha," Kokubanza alimwita mumewe, sauti imekwisha. "Usiniache nife ndani ya bati."

Akakimbia.

Felisiani alikuwa barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vipi, lile bega la chuma limeteguka?"

"Mzee, nitukane njiani. Sasa inuka, nakusihi."

Felisiani alitazama vidole vya Rwegasira vinavyovuja damu. Alitwaa pembe akaipuliza, na wanaume wakatoka migombani mmoja mmoja, wengine bado wanatafuna.

Walimtoa Kokubanza garini, wakamlaza katika engozi, wakapanda kilima kwa miguu mitupu, vidole vikijichimbia udongoni. Rwegasira alishika mti wa mbele wa machela. Kila walipotaka kumpokea alikataa, hata ngozi ya bega ilipochubuka. Mkono wa Kokubanza ulining'inia nje ya engozi, na yeye hakutazama njia, alitazama mkono huo tu, akiuomba usogee.

Hospitali ya misheni walimwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikwisha kufa njiani, muuguzi alisema, pengine tangu kule mtaroni.

Walirudi nao wote wawili katika engozi ileile, mama na kifurushi kifuani pake. Walipolipita gari, mvua ilikuwa inalinyeshea, mipira yake mipana imezama hadi katikati. Felisiani akanyoosha mkono ampokee mti. Rwegasira akatikisa kichwa, akauhamishia bega la pili.