Meno ya Kumnyolea Pamba

Paka wa Bi Samira, Pamba, manyoya yalikuwa yamemsokotana tumboni hata kulala ubavu hawezi. Twalib, kinyozi jirani yake hapo ugenini Randburg, akamletea mashine ya kunyolea wanyama yenye meno ya aina mbili, namba kumi na namba thelathini.

"Tia thelathini, Bibi. Namba kubwa huacha nywele ndefu, hutamkwaruza."

"Wewe umeshamnyoa paka?"

"Vichwa si nanyoa kila siku!"

Kule Tanga Bi Samira aliwanyoa vichanga wengi siku ya saba, na hakuna wembe uliogusa utosi wa mtoto kabla hajaujaribu mkononi mwake. Akavua ndara yake ya manyoya ya kondoo, akaipitishia mashine yenye namba thelathini. Pakabaki upara mtupu.

"Eish! Kumbe namba za wanyama ni kinyume," Twalib akasema.

"Ungemchuna paka wangu, kinyozi wee!"

Bi Samira akajaribu namba kumi kwenye ndara ileile, nayo ikabakiza manyoya mafupi. Basi akamnyoa Pamba taratibu, kila mara akiyagusa meno kwa kiganja yasije yakapata moto. Alipomwachia, Pamba alijinyoosha, akalala ubavu juu ya ile ndara yenye upara.