Kwa Baiskeli hadi Wete, Siku ya Ndoa ya Time

Baba yangu ni Faki bin Hamad, mkulima wa Wambaa, Pemba. Mama yangu ni Bi Mize binti Kombo, mzaliwa wa Kisiwa Panza, aliyeletwa Wambaa na ndoa na hakurudi kwao ila kwa misiba. Mimi, Shaame, nilizaliwa Wambaa, katika nyumba ambayo leo umebaki msingi wake tu. Skuli sikuingia, na kalamu sikupata kuishika. Kwa hiyo wewe, mjukuu wangu Salma, ndiwe mkono wangu katika jambo hili. Andika nisemavyo. Nikisema kwa ukali, andika kwa ukali. Usinipambe.

Niliondoka Wambaa kwa sababu ya uongo wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ami yangu Khatib, ndugu wa baba, tumbo moja.

Wazazi wetu walitangulia mapema wakatuacha wawili, mimi na mdogo wangu Time. Ami Khatib alimchukua Time akamlea kwake Limbani, Wete, nami nikabaki Wambaa na mashamba. Kumlea alimlea vyema; hilo liandike, maana haki ni haki. Lakini zikaja zama za vyama. Mwingereza alikuwa bado yupo, na Sultani yupo, na uchaguzi ulikuwa umewapasua watu kama kuni. Ami alikuwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Majina ya vyama usiyaandike. Wanaoyajua wanayajua, na wasioyajua hawakukosa kitu. Tangu hapo ami hakunitumia salamu, wala mimi sikumtumia.

Jioni ya Alhamisi, msimu wa karafuu ukimalizikia, alinijia Makame, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akienda Wete na kurudi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Shaame, nduguyo Time anaozwa kesho baada ya alasiri. Kanituma nikuulize kwa kinywa chake: ni kweli umempa ami yako uwakala?"

Nikamwambia, "Uwakala gani? Hata harusi yenyewe naisikia kwako."

"Basi ami yako kawaambia watu kwamba umempa. Kasema huji, umekataa kukanyaga nyumba ya chama kisicho chako."

Wewe msichana wa leo huenda usione uzito wake, basi nitaueleza. Kwa sheria yetu, msichana asiye na baba huozwa na kaka yake. Ami hana nafasi hiyo maadamu kaka yu hai na ana akili zake, ila kaka mwenyewe ampe uwakala. Ndoa iliyofungwa na asiye walii, yaani asiye na haki ya kuoza, si ndoa. Time angeingia nyumbani kwa mume, angezaa, angezeeka, na yote hayo yangesimama juu ya neno la uongo. Kwa nini? Kwa sababu ami alikuwa amewaalika wakubwa wa chama chake, na hakutaka uso wangu uonekane barazani. Bwana harusi sikuwa na neno naye. Alikuwa Omar, mshoni wa nguo pale Wete, na sifa zake zilikuwa njema.

Alfajiri ya Ijumaa nilisali, nikaifunga kanzu yangu nyeupe ndani ya kikoi, nikaenda kungoja gari la abiria, gari pekee lililokuwa likitoka kwetu. Lilipofika, utingo aliunyoosha mkono mbele ya kifua changu.

"Wewe Shaame, gari hii si yenu."

"Yakhe, nalipa nauli kama wengine."

"Nauli yako kawape wenzio wakununulie gari."

Walicheka waliokaa ndani. Nilizitazama nyuso zile moja moja. Walikuwemo watu niliochuma nao karafuu mti mmoja, na mzee mmoja ambaye paa la nyumba yake nililiezeka kwa mikono yangu. Naye alicheka. Gari likaondoka, vumbi likanijaa mdomoni, nami nikalitema nikarudi nyumbani kuchukua baiskeli.

Baiskeli hiyo nilikuwa nayo tangu msimu uliotangulia, na sikupata kuvuka nayo Mtambile. Nilijifunza ukubwani, kwenye uwanja wa mchanga maji ya bahari yakishatoka, nikichekwa na watoto. Kupanda nilijua, na kwenda moja kwa moja nilijua. Kukata kona na kusimama ghafla nilikuwa bado. Nikaifunga kanzu kwenye keria, nikavaa shuka ya shamba, nikatamka Bismillahi.

Kutoka Wambaa hadi Mtambile njia ilikuwa ya udongo na mizizi. Nilianguka kabla sijaimaliza, nikaanguka tena nikiwa nimesahau maumivu ya kwanza. Kila nilipoinuka niliisikia sauti ya utingo, na miguu ikapata nguvu. Usidhani nasifu hasira. Nasema tu kwamba siku ile sikuwa na chakula kingine.

Baada ya Mtambile niliingia barabara ya lami, nikadhani taabu imekwisha. Taabu ndipo ilipoanza, kwani lami ya Pemba inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda. Milima niliikokota baiskeli kwa mikono. Miteremko ilinikokota yenyewe. Katika mteremko mmoja, mahali ambapo watu walikuwa wameanika karafuu juu ya majamvi kandokando ya njia, nilishindwa kukata kona. Niliingia katikati ya jamvi la watu nikitanguliza kichwa.

Mwenye jamvi alikuwa mama mtu mzima, Bi Raya, kama nilivyosikia akiitwa. Alikuja na fagio mkononi.

"We mwana wa nani? Macho huna?"

"Shikamoo, Bi. Unisamehe."

"Marahaba ya nini? Samahani yako itazirudisha karafuu zangu? Okota! Moja moja okota, na hizo zilizonasa kwenye mpira ubandue!"

Nilipiga magoti nikaokota. Karafuu zilizovunjika zilinukia mikononi mwangu, na jua lilikuwa linapanda. Alisimama juu yangu kama askari.

"Na mbio zote hizo unakwenda wapi?"

"Wete, Bi. Namwahi mdogo wangu. Anaozwa alasiri na asiye walii wake. Walii ni mimi."

Fagio likaanguka. "Nduguyo anaozwa, nawe umepiga magoti hapa unaniokotea karafuu? Una akili weye? Ondoka! Ondoka mbele yangu!" Nilipokuwa nainua baiskeli alinikimbilia na kata ya maji, akaninywesha kwa mkono wake huku akinitukana. Hakuniuliza chama changu. Katika wote niliokutana nao njiani siku ile, ni yeye peke yake aliyenikasirikia kwa haki.

Chake Chake niliingia wakati wa adhana ya kwanza ya Ijumaa, na hapo mtaa wa Madungu mpira wa nyuma ukaisha pumzi. Maduka yalikuwa yanafungwa watu waende msikitini. Duka lililobaki wazi lilikuwa la Bwana Jivan, Mhindi muuza baiskeli na vyombo vyake. Aliutazama mpira, kisha akanitazama mimi.

"Iko mwiba. Wewe kwenda sali, mimi tia kiraka."

Nilivaa kanzu yangu nikaenda kusali. Kulia kwangu katika safu alisimama mtu mnene mwenye kofia ya kiua. Tulirukuu pamoja, tukasujudu pamoja, na tulipotoa salamu tulipeana mikono, akaniambia, "Allah atukubalie." Nikaitikia amin kwa moyo mkunjufu.

Nilipotoka koo lilikuwa limekauka. Ng'ambo ya njia palikuwa na mkahawa, nikaenda kuomba kahawa na kipande cha mkate. Aliyekuja kunihudumia alikuwa mtu yule yule, kofia ile ile. Nikafurahi.

Akaniuliza, "Kwanza niambie. Wewe wetu, au wao?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini ni uongo ulionitoa kwetu, na sikutaka kuongeza wangu juu yake. Nilimwambia kweli.

Aliigeuza bilauri juu chini. "Hapa hatuuzi kwa watu wa chama chako."

Andika vizuri hapa, Salma. Njaa nimepata kulala nayo, na haikunidhuru. Kilichonichoma ni bega lake. Joto la bega lake lilikuwa bado kwenye bega langu. Mtu amesimama na wewe mbele ya Mola wake, na kabla jasho la msikitini halijakauka anakunyima maji moto kwa sababu ya rangi ya kadi. Nilimwambia, "Rudi ukaisali tena Ijumaa yako," nikaondoka. Bwana Jivan alikuwa ameshautia kiraka mpira. Nilimlipa, nikapanda papo hapo.

Kutoka Chake hadi Wete ndipo nilipolipa gharama ya hasira yangu. Nilikuwa nimepanda bila ya kuvua kanzu wala kuipandisha kiunoni kama wafanyavyo wajuzi wa baiskeli. Nilikwenda nikimjibu yule mtu wa mkahawa, nikimjibu utingo, nikimjibu ami, majibu makali kuliko yote niliyopata kuyatunga, na hapakuwa na wa kuyasikia ila minazi. Katika mteremko mrefu pindo la kanzu likaingia kwenye cheni. Cheni ikalitafuna. Baiskeli ikasimama, mimi sikusimama.

Nilijiokota mtaroni. Kanzu ilikuwa imenaswa hadi goti, na kila nilipoivuta ilizidi kuingia. Nilizungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono, kidogo kidogo, hadi ikaachia, imechanika na imejaa mafuta meusi. Jua lilikuwa limeinama. Hapo nililia. Andika hivyo hivyo: nililia, wala si kwa maumivu. Nililia kwa kuwa nilikuwa na haki, na haki haikunipa gari, wala kahawa, wala miguu ya kunifikisha. Kisha nikaipandisha kanzu nikaifunga kiunoni, nikapanda tena.

Limbani nilifika watu wameshasali alasiri. Baraza ya ami ilikuwa imejaa kofia na majoho, ubani unafuka, na bwana harusi amekaa mbele ya Shehe. Mtu mmoja akapaza sauti, "Fundi baiskeli huyo kaja! Nani kamwita?" Wakacheka. Nilishusha kanzu yangu, nikatoa salamu. Kicheko kikakatika, kwa sababu ami alikuwa amesimama na uso umemwiva.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Nimekuja kumuuliza aliyepewa uwakala wangu, alipewa na nani."

Shehe, mzee wa sauti ndogo, aliinua mkono watu wanyamaze. Akasema, "Sasa nafahamu. Tumetuma mashahidi mlangoni kumuuliza mwari kama ameridhia. Sisi huwauliza wari, nao hunyamaza, na kunyamaza kwao ni kuridhia. Huyu kasema. Kasema kwa sauti, nyumba nzima ikasikia: 'Wakala simjui. Kaka yangu namjua, naye hayupo.' Tumekaa tangu hapo hatujui la kufanya. Khatib, ulipewa uwakala na huyu kaka yake?"

Ami alitazama wageni wake wakubwa, akatazama mkeka. "Nilijua hatakuja," akasema.

"Sikukuuliza ulilolijua," Shehe akamjibu.

Kisha akanigeukia. "Shaame, amri sasa ni yako. Ndoa ifungwe, au watu watawanyike?"

Nakuapia, nilitamani kuwatawanya. Nilitamani pilau ya ami iliwe na samaki wa forodhani, na wakubwa wale warudi kwao wakiwa na njaa kama niliyokuwa nayo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Time hakumtuma Makame ili nije nilipe kisasi. Nikaenda hadi mlango wa ndani, nikasimama nje ya pazia.

"Time, ni mimi kaka yako. Wamridhia Omar?"

Nilisubiri. Nyuma ya pazia hapakutoka neno, hata kikohozi. Msichana aliyekuwa amesema mbele ya mji mzima, sasa alinyamaza. Nikajua nimejibiwa.

Nilirudi nikakaa mbele ya Omar nikampa mkono, nao ulikuwa mweusi kwa mafuta ya cheni. Yeye alikuwa amepakwa hina na kupigwa udi. Hakuuvuta nyuma wake. Alinishika kwa nguvu, nami nikamuoza ndugu yangu, akakubali. Tulipoachiana mikono, kiganja chake kilikuwa kama changu.

Siku ya pili yake niliondoka. Chakula cha ami sikukila, nililala na kula kwa jirani. Omar alinisindikiza hadi njia kuu, akaitazama kanzu yangu kwa jicho la kazi yake. "Shemegi, niachie nikuzibie mpasuko huo, na doa nalijua dawa yake."

Nikamwambia, "Nishonee nyingine ukipenda. Hii iache."

Nilirudi Wambaa kwa mwendo wa pole, nikijua sasa mahali pa kushuka na mahali pa kujiachia. Kwa Bi Raya nilisimama kumpa habari. Alisema tu, "Na karafuu zangu je?" Kwenye ule mkahawa nilipita bila ya kugeuza shingo.

Niliyojifunza ni haya. Miguu ya mtu inafika mbali kuliko anavyodhani. Na watu wanaoweza kunyimana kahawa wanaweza kunyimana mengi zaidi. Hilo nililiona pale Madungu, na miaka iliyofuata tuliliona sote, nami silielezi hapa. Ami Khatib alipofariki niliingia kaburini mwake kumpokea, kwa kuwa hiyo ni haki yake juu yangu. Kumsamehe ni habari nyingine, na sijaimaliza.

Sasa sikiliza la kuweka, Salma. Baiskeli imekula kutu. Mpe yeyote atakayetaka vyuma vyake. Karatasi hizi ziweke wewe, usimpe mtu azitengeneze. Kanzu imo katika sanduku la mvule, chini kabisa, ndani ya kikoi. Nikifa nivikeni sanda mpya kama watu wote, hiyo isiingie kaburini. Watoto wa Time wakija kuiomba, waoneshe pindo na cheni ilipopita, kisha uikunje uirudishe mahali pake. Wala usiifue.