Kiserbia Changu cha Unguja

Nicheke tu, nimestahili. Mwaka wa sabini na mbili, kiwandani Sparkbrook kwa Waingereza, nilijigamba kuwa najua Kiserbia, kumbe nilikuwa na salamu mbili tu za mama mwenye nyumba wangu, Mserbia. Fomeni, msimamizi wetu, akaniletea Dragan, Mserbia mgeni, nimtafsirie: "Switch off! Put down! Turn round!"

Nikapiga Kiswahili bila haya, na ishara za mikono juu yake: "Zima! Weka chini! Geuka!" Dragan akashika upesi, mimi nikasifiwa wiki nzima. Hata shikamoo nikamfunza.

Ijumaa akaja bosi mkubwa. Dragan akainama: "Shikamoo, bwana!"

Bosi akaduwaa. Dragan akadhani mzee hasikii vizuri, akapaza sauti: "Shikamoo! Inglish!" Kisha akaninyooshea kidole kwa fahari: "Ticha!"