Ngazi Tano na Mama Mkwe
Zahanati ya kijiji chetu, kule upande wa Ugalla, niliijenga mimi. Nasema mimi, ingawa kijiji kizima kilifyatua matofali na kuchota maji, kwa sababu mwenye pima maji nilikuwa peke yangu, na ukuta ukienda upande lawama ingekuja kwangu. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamehamia vijiji vya ujamaa juzi juzi, nami nilikuwa kijana mwenye mikono mizuri na kichwa kigumu. Msingi niliuinua sana. Nilisema ni kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua, na ni kweli, lakini pia nilitaka jengo lionekane kutoka barabarani. Zikatoka ngazi tano, kila moja shubiri yangu nzima, na nina mkono mkubwa.

Mama mkwe wangu alikuwa hatembei. Miguu ilimlegea tangu utotoni. Alijivuta kwa mikono, kipande cha ngozi ya ng'ombe amekifunga makalioni, viganja amevivalisha katambuga, vile viatu vya matairi. Kwa namna hiyo alilima, akapika, akalea mabinti sita. Mwaka zahanati ilipofunguliwa alianza kukohoa damu. Hospitali ya Mpanda wakampima, wakasema ni kifua kikuu, wakamrudisha kijijini achomwe sindano kila asubuhi kwa miezi miwili. Akiacha, atakufa.

Sindano zenyewe ni za makalioni. Siku mbili za mwanzo mganga wa zahanati, mtu mwema, alishuka na bomba lake akamchoma chini ya ngazi. Wanawake walimzungushia khanga, upepo ukazipeperusha. Kwenye foleni walikuwapo wakwe zake, maana mabinti wote sita waliolewa palepale, na kwetu hata ndugu wa mume ni mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse huko. Kumbeba ndiyo usiseme, kumgusa ni mwiko. Siku ya tatu mabinti walijaribu kumpandisha wenyewe. Mmoja akateleza ngazi ya nne, wakaporomoka wote. Siku ya nne aligoma kutoka nyumbani. Mke wangu aliniletea maneno yake: afadhali afe na heshima yake.

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, nikasema bibi huyu ana maringo. Kisha nikaenda kuzitazama zile ngazi, nikaona hasira yangu haina pa kwenda ila kwangu mwenyewe.

Nilidhani dawa yake ni nyepesi. Ghala la asali la ushirika lilikuwa na mwinuko wa udongo ambao warina asali walisukumia baiskeli zenye madebe. Nikaupima: shubiri moja kwenda juu, nne kwenda mbele. Nikajenga hivyo hivyo kando ya ngazi za zahanati kwa mawe na kifusi, juu nikapaka saruji, nikaisugua mpaka ikang'aa, kwa maana fundi asiyesugua hana jina. Saruji ilipokauka, mama mkwe aliujaribu jioni, mimi nimejifungia nyumbani kama desturi inavyotaka. Alifika nusu, akarudi nyuma kwa kasi, akachubuka kiwiko. Mke wangu akaniletea jibu lake mlangoni.

"Mama anasema yeye si debe la asali."

Mganga naye aliniambia kwamba siku zilizorukwa zikizidi, dawa itashindwa na ugonjwa. Niliogopa. Lakini pia, sitaficha, swali lilikuwa limenikamata: anayetembea kwa mikono anahitaji nini hasa? Kumuuliza siwezi. Nikimtuma mke wangu, maneno yanarudi yamekatwa miguu na mikono. Basi asubuhi nikajifunga miguu kwa kamba, nikavaa katambuga viganjani, nikaanza kujivuta juu ya lundo la udongo nyuma ya nyumba. Majirani waliitana kuja kutazama. Wengine walisema nimerogwa.

Wacha wacheke. Mimi niligundua mambo. Niligundua kwamba mikono ikiachia ili isogee mbele, mwili wote unataka kurudi ulikotoka. Kwamba saruji laini, fahari yangu, ni adui. Kwamba baada ya mivuto kama kumi mtu anatamani mahali tambarare akae tu, na mimi nilikuwa na mapafu mazima. Nikachota udongo, nikajaribu, nikachota tena. Shubiri sita mbele kwa moja ya juu, nane, kumi. Kwenye kumi na mbili niliweza kupanda huku naongea. Kipimo hicho sikukisoma popote, nilikipata kwa makalio yangu.

Kwa kipimo hicho njia ya zahanati ikawa ndefu, ikabidi ifuate ukuta na kukata kona, na pale konani nikaweka tambarare. Waliocheka ndio waliobeba mawe. Saruji ikiwa bado mbichi niliikwaruza kwa ufagio wa miti, na roho iliniuma kuiharibu kazi kwa makusudi.

Asubuhi alipokuja, wakwe wote tulipelekwa nyuma ya jengo, tukaugeuzia ukuta migongo. Kazi niliyoitolea jasho kuliko zote sikuruhusiwa kuiona. Nikasikiliza. Katambuga zinagonga, ngozi inakwaruza. Zinagonga, inakwaruza. Konani zikakoma, kikohozi kikamshika. Akaendelea. Sauti ikafika juu barazani, ikasimama mlangoni.

Ndipo nikakumbuka kizingiti. Nilikiweka mwenyewe, vidole vinne, kuzuia maji ya mvua. Nikainuka nikimbilie patasi, mwenzangu aliyeoa dada wa mke wangu akanishika mkono. Tukangoja. Nikasikia mguu unaanguka ndani ya chumba, mzito, ameuinua kwa mikono yake. Kisha wa pili. Kisha sauti yake mwenyewe, anausemesha ukuta kwa kuwa mimi hawezi kunisemesha.

"Wewe ukuta, sikia. Kesho hicho kizingiti nisikikute."

Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya wanaume wenzangu, wala sikujali. Nikajibu kwa niaba ya ukuta: ndiyo, mama.